Mbwa Aliyekula Ameketi

Kornelia alishuka kwenye tela la trekta pale njia panda ya kambi ya shamba la ngano siku ya Ijumaa alasiri, kitenge cha msiba kikiwa bado kiunoni na mguu mmoja umekufa ganzi. Alikuwa ametoka Masakta kumzika kaka yake. Alikuwa ameondoka Jumanne asubuhi, na katika siku zote hizo kijijini, hata wakati wa kutupa udongo kaburini, moyo wake haukutulia. Alikuwa akimfikiria mbwa, na aliona aibu kumfikiria mbwa mbele ya jeneza la kaka yake.

Ilikuwa Julai, kombaini zimeingia mashambani, na upepo wa baridi ulikuwa ukirusha makapi ya ngano mpaka puani mwa watu. Mzee Gidahosh alikuwa amesimama kando ya barabara na ng'ombe wake, shuka limezungushwa mabegani, akingoja vumbi la trekta litue.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Patriki. Pole na msiba."

"Tumeshapoa, mzee. Ng'ombe hawajambo?"

Gidahosh aliwatazama ng'ombe wake. "Yule mbwa mgeni aliyepita hapa mwezi uliopita, akitokea upande wa Gehandu. Unamkumbuka? Aling'ata ndama wangu wawili. Mmoja ameanza kuumwa juzi. Analia sauti ambayo si ya ng'ombe." Alitema mate pembeni. "Mgambo wanapita nyumba hadi nyumba. Mbwa akionekana anadondosha mate, ni risasi. Hawaulizi."

"Wangu ana ugonjwa wa koo, mzee. Wewe unaujua."

"Mimi naujua. Bunduki haiujui."

Kornelia alitembea haraka kuelekea nyumbani. Njiani alikumbuka kitu ambacho kilimfanya asimame katikati ya barabara. Mwezi uliopita mbwa wake, Karani, aliamka na mchubuko kwenye sikio. Yeye alidhani ni seng'enge. Aliupaka chumvi, akausahau.

Mbwa yule hakuwa wa kununua. Kornelia alikuwa dobi wa nyumba za wataalamu katika shamba la ngano la serikali, kazi aliyoianza baada ya mumewe, Sulle, kufariki. Bwana mmoja wa mitambo, mgeni kutoka ng'ambo, alipomaliza mkataba wake alimwachia mbwa, kopo la vidonge na barua. Barua ilitafsiriwa na Ignasi, bwana mifugo, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa pale uani. Ignasi alieleza kwamba bomba la chakula la mbwa huyu limelegea. Chakula hakisukumwi kwenda tumboni. Hubaki kifuani kama nafaka iliyokwama kwenye gunia. Kisha kinarudi, au kinapotea njia na kuingia mapafuni. "Kikiingia mapafuni, mama, ndiyo basi."

Alipewa masharti. Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, kabla ya chakula, kiwekwe kwa mkono nyuma kabisa ya ulimi, na vijiko viwili vya maji vifuate. Uji uwe mwepesi. Mbwa ale ameketi wima, na akimaliza abaki hivyo hivyo, ili uzito wa chakula ukishushe chenyewe. Mwanawe Patriki, dereva wa kombaini, alikata kasha la mbao lililokuja na vipuri akatengeneza kiti chembamba, chenye mgongo na ubao wa mbele wa kuwekea miguu. Saa ya mkono Kornelia hakuwa nayo. Alipima muda wa kumwacha mbwa kitini kwa rozari, makumi yote matano, bila kukimbiza.

Watoto wa kambi walipomwona mbwa ameketi nyuma ya ubao wake, macho mbele, kama mtu anayengoja wateja dirishani, wakamwita Karani. Jina la kwanza likafa. Wanawake bombani nao walikuwa na lao. "Sulle alijilisha mwenyewe mpaka anakufa," alisema mmoja, "leo mwenzetu anamlisha mbwa kwa kijiko." Kornelia alicheka nao. Hakuwaambia kwamba kila jioni, anapopeleka kijiko, sikio lake hungoja kikohozi. Kikohozi kimoja kilitosha kumnyima usingizi. Miaka miwili alikuwa ameishi hivyo, na alishazoea hofu ile kama mtu anavyozoea jino bovu, kwa kutafunia upande mwingine.

Justina, mke wa Patriki, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni; Patriki mwenyewe hulala shambani na kombaini msimu wote wa mavuno.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba. Karani yuko wapi?"

"Nyuma ya ghala. Nimemfunga."

"Kwa nini umemfunga?"

"Alikuwa anahangaika." Justina alikuwa akitazama chini, mkono wa kulia umefichwa kwenye khanga.

Karani alikuwa amesimama kwa miguu ambayo haikutaka kumbeba. Ya nyuma ilikuwa ikitetemeka, misuli inarukaruka chini ya ngozi. Taya la chini lilikuwa limeshuka kidogo, na mate yalikuwa yakining'inia mpaka udongoni, mazito, yamelowesha kifua chote. Alimwona Kornelia akatikisa mkia. Alijaribu kusogea, akaanguka ubavu.

Kornelia alinyoosha mkono kumwinua. Mkono ukaishia hewani. Mikono yake ilikuwa na nyufa za sabuni, nyufa za miaka, nyingine mbichi. Aliutazama mkono wake, akatazama yale mate, akaurudisha ndani ya kitenge. Kwa mara ya kwanza tangu apewe mbwa yule alimwogopa.

Jumamosi asubuhi mgambo wawili walikuja, mmoja na bunduki. Ignasi alikuwa nyuma yao na pikipiki yake, uso umejaa vumbi.

"Shikamoo mama Patriki."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenye bunduki alikwenda nyuma ya ghala, akarudi. "Huyu hana mjadala," alisema. "Taya limeanguka. Mama, ingia ndani na watoto."

"Ana ugonjwa wa koo tangu azaliwe," alisema Kornelia. "Bwana mifugo anajua."

"Na kutetemeka? Alizaliwa anatetemeka?"

Kornelia alimtazama Ignasi, na Ignasi alikuwa akitazama viatu vyake. Hapo Kornelia alijua kwamba hata yeye haamini. Mwenye bunduki alianza kuondoka kuelekea ghalani.

"Asipigwe kwanza," alisema Justina.

Wote walimgeukia. Alikuwa amesimama kizingitini, na sauti yake ilitoka nyembamba kama ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Bwana mifugo, mbwa akishauawa, mtu aliyeng'atwa atajuaje?"

"Nani kang'atwa?"

Justina alitoa mkono kwenye khanga. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa. Alikifungua. Palikuwa na mstari mmoja mwekundu, mfupi kuliko ukucha, umeanza kukauka.

"Lini?"

"Jumanne jioni. Nilikuwa namwekea dawa kama mama alivyonielekeza. Hakuning'ata kwa ubaya. Jino lilinipitia tu."

"Na ukanyamaza," alisema Kornelia.

"Ulikuwa msibani, mama."

Ignasi aliomba maji na sabuni, akamwosha Justina kidole kile kwa muda mrefu, akimwaga, akisugua tena, mpaka damu ikatoka upya. Alipomaliza aliwageukia mgambo. Alieleza kwamba mbwa akipigwa leo, kichwa kitasafirishwa mbali kupimwa na majibu yatachukua wiki nyingi. Lakini mbwa mwenye kichaa, mate yake yakishakuwa na sumu, hamalizi siku kumi. Akiwa hai siku ya kumi tangu ang'ate, aliyeng'atwa yuko salama. Siku ya kumi ilikuwa Ijumaa ijayo.

"Na sindano?" aliuliza Kornelia.

"Ni kumi na nne, za tumboni. Nimeuliza juzi kwa ajili ya watu wengine. Zimekwisha. Gari linategemewa wiki ijayo, labda mwisho wa wiki."

"Na huyu akikata kamba?" aliuliza mgambo.

"Afungiwe banda la mbuzi. Akitoka nitampiga mwenyewe."

"Bwana mifugo, wewe hujawahi kupiga hata kanga," alisema yule mgambo, lakini bunduki aliirudisha begani.

Walipoondoka, Justina aliketi chini akamtoa mtoto mgongoni ili amnyonyeshe. Alimshika, kisha akasita, akamtazama mama mkwe wake. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Ignasi juu ya maziwa. Mtoto alilia. Mwishowe Justina alimnyonyesha mtoto huku amefumba macho.

Sasa ndipo Kornelia alipoona mtego wote ulivyo. Mbwa mwingine wangemfungia, wakamsukumia chakula kwa fimbo, wakahesabu siku. Huyu asingeweza kula peke yake. Asiposhikwa wima, asipowekewa dawa mdomoni, angekufa kwa njaa au kwa uji ulioingia mapafuni, na akifa kabla ya Ijumaa, hakuna atakayejua amekufa kwa nini. Ili Justina ajue hatima yake, ilibidi mtu aingize mkono katika kinywa kile kila siku, asubuhi na jioni. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Jumapili alfajiri, akiwa hajathubutu kuingiza mkono katika kinywa kile tangu arudi, alishusha kopo la vidonge. Alifunga mifuko ya nailoni ya mbolea mikononi mpaka viwiko, akaifunga kwa kamba. Kisha, kabla ya kuchukua kidonge, alitazama ndani ya kopo, akahisi limekuwa jepesi. Kabla ya kwenda Masakta alikuwa amevihesabu, kwa sababu vilikuwa vinakaribia kwisha. Kwa siku alizokuwa hayupo vilipaswa kupungua vidonge vitatu au vinne. Vilikuwa vimepungua kumi na kimoja.

"Justina."

Justina alikuja, akaona kopo, akajua.

"Baada ya jino kunipitia niliogopa," alisema. "Sikuweka tena mkono. Nilificha kidonge kwenye tonge la ugali, nikamtupia. Kwetu mbwa anatupiwa, mama. Alilimeza tonge. Kisha likarudi. Nikadhani dawa imetoka, nikatupa jingine. Likarudi tena. Vingine nilitupa vizima, si nusu."

"Yalirudi yote?"

"Si yote."

Kornelia aliyaona yale matonge kama vile kifua cha mbwa ni cha kioo: yamepangana katika bomba lililolegea, kila moja na kidonge chake, hayapandi, hayashuki, yakilainika polepole kwa siku tatu, halafu dawa yote inaachiliwa kwa pamoja. Alimtuma mtoto wa jirani akamwite Ignasi. Alipofika, Ignasi aliomba ile barua ya zamani, akaisoma mara mbili.

"Imeandikwa hapa," alisema. "Dawa hii ikizidi, mate humwagika na miguu hutetemeka. Misuli inakosa nguvu."

Justina alianza kulia, nusu kwa aibu, nusu kwa tumaini.

"Usilie bado," alisema Ignasi kwa upole. "Kichaa nacho huanza hivyo hivyo. Na ule mchubuko wa sikio mama alionieleza, siwezi kuusahau. Acheni dawa leo na kesho. Mate yakipungua, tunaweza kuanza kupumua. Yasipopungua..."

Tumaini lilimfanyia Kornelia kitu kibaya kuliko hofu. Lilimfanya achungulie banda kila baada ya muda mfupi. Alitazama uzi wa mate ulivyo mrefu, akaondoka, akarudi kuupima tena kwa macho. Mchana aliona umepungua, saa moja baadaye akaona umeongezeka, na hakujua kama ni mate au ni macho yake. Bila dawa, maji yenyewe yalirudi. Mbavu za Karani zilianza kuhesabika.

Jioni ile Mzee Gidahosh alikuja. Yeye ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kutaka mbwa yule afe, na Kornelia alipomwona na fimbo akasimama mbele ya banda.

"Kaa mbali na mlango, mama Patriki, sijaja kupiga," alisema. Alichungulia ndani. Karani alikuwa kwenye kasha lake, ameegemezwa kwa gunia. "Sisi mbwa wetu hula wamesimama. Huyu anangoja mezani kama mzungu."

"Ndama amekuwaje, mzee?"

"Amekufa leo. Mwisho hakuweza kumeza hata maji." Aliegemeza fimbo mlangoni. "Nimesikia habari za binti." Alitoa chini ya shuka chupa ya kijani yenye shingo ndefu. "Hii nanyweshea ndama dawa za minyoo. Si ya yule aliyekufa, usiogope. Shingo yake inaingia pembeni mwa shavu, mkono unabaki nje. Lakini usimimine kama unajaza debe. Mimina, ngoja koo lipande na kushuka. Ukiona halijashuka, ngoja."

"Asante, mzee."

"Mwambie binti anywe maziwa," alisema, akaenda zake.

Jumatatu Kornelia alimnywesha Karani uji kama maji kwa chupa ile, mifuko ya mbolea ikipiga kelele mikononi, uso ameugeuzia pembeni. Kila funda lilichukua muda. Alikuwa akitazama koo, na koo lilipochelewa naye alingoja, chupa ikiwa hewani. Jumanne alirudisha dawa, robo tu, imesagwa ndani ya uji. Uzi wa mate ulikuwa mfupi, hilo sasa hata Justina aliliona. Miguu ilikuwa haitetemeki tena. Jumatano asubuhi, rozari ikiwa katikati, Karani alikohoa.

Alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu. Kornelia aliacha rozari. Aliweka sikio karibu na mbavu za mbwa, akiwa amesahau mifuko, amesahau mate, akasikiliza kama kuna ule mlio wa maji yanayochemka ambao Ignasi alimwonya juu yake miaka miwili iliyopita. Alisikia moyo ukipiga haraka, na hakujua kama ni wa mbwa au ni wake. Siku ile hakwenda kufua. Alikaa kando ya banda na nguo za watu hazijafuliwa, akingoja kikohozi cha tatu. Justina alikaa upande wa pili, mtoto mapajani. Kuna wakati Justina alisema, "Mama, nikianza kuogopa maji, utanifunga?" na Kornelia akamjibu, "Nyamaza," kwa ukali ambao baadaye ulimuuma.

Kikohozi cha tatu hakikuja. Alhamisi mbwa alibweka, mara moja, kwa sababu ya kuku.

Ijumaa Ignasi alifika alasiri pamoja na yule mgambo wa bunduki. Gari la sindano lilikuwa bado halijafika.

"Ulipitiwa na jino saa ngapi?" Ignasi alimuuliza Justina.

"Jioni, wakati wa chakula."

"Basi tungoje jioni. Sitaki kusema kitu nusu."

Walingoja. Mgambo aliketi juu ya jiwe, akaomba maji, akapewa chai. Kombaini zilikuwa zikinguruma mbali, na vumbi lao lilikuwa limelifanya jua kuwa jekundu kabla ya wakati. Karani alikuwa kitini kwake, amekonda mpaka kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, akimtazama kila mtu kwa zamu. Jua lilipogusa mgongo wa ghala, Ignasi aliingia bandani, akakaa na mbwa muda, akampapasa shingo, akamfungua kamba.

"Yuko hai," alisema. "Na ametulia kuliko sisi. Justina, huyu hakukupa kitu."

"Kweli?"

"Kweli. Sindano zikija, zitakuwa za wale wengine waliong'atwa, si zako."

Justina hakushangilia. Alimbana mtoto kifuani mpaka mtoto akalalamika. Mgambo alimaliza chai yake, akamshukuru Kornelia, akaondoka akisema bado ana nyumba tatu upande wa ziwa.

Ilikuwa saa ya dawa. Sasa hapakuwa tena na sababu ya chupa wala mifuko, na Ignasi alikuwa amesema dozi irudi ilivyokuwa, nusu kidonge nyuma ya ulimi. Kornelia alinawa, akachukua nusu kidonge kati ya vidole viwili, akapiga magoti mbele ya kiti. Karani alifungua kinywa mwenyewe, kama alivyozoea. Ulimi wa waridi, meno, giza la koo.

Mkono haukwenda.

Aliuambia uende. Alijua kwa akili yake yote kwamba mbwa ni mzima. Alikuwa amesikia kwa masikio yake. Lakini mkono ulibaki palepale, hatua ndogo kutoka kwenye yale meno. Mbwa alingoja, kinywa wazi. Kornelia aliona aibu mbele yake kama mbele ya mtu.

"Nipe mimi, mama," alisema Justina.

Alimweka mtoto mikononi mwa Kornelia, akakichukua kile kidonge. Kidole chake bado kilikuwa na mstari. Alishika taya la juu, akaingiza vidole, vikapotea mpaka kwenye kifundo. Kornelia alimkumbatia mtoto, akajizuia asipige kelele, macho yake kwenye ule mkono, akingoja kuuona ukitoka, kidole kimoja kimoja, vyote vitano.